Kiambishi si Kioo: Maoni Kuhusu Viambishi vya Nafsi katika Kiwendat

1.0 Utangulizi

Imekuwa desturi miongoni mwa wachunguzi wa lugha, hususan wanafunzi wa shahada za juu, kuichukua mofimu moja ya lugha fulani na kuifanya shahidi wa fikra za watu waisemao lugha hiyo. Kiambishi cha ngeli hugeuzwa kuwa hukumu ya jamii, na jedwali la upatanisho husomwa kana kwamba ni orodha ya watu wanaoheshimiwa na wanaodharauliwa. Makala haya yanaipinga desturi hiyo. Hatudai kwamba sarufi na utamaduni havihusiani. Tunachodai ni kwamba uhusiano huo hauna budi kuthibitishwa kwa kipimo, na kwamba kipimo chenyewe ni uchaguzi alio nao msemaji. Pale ambapo msemaji anaweza kuchagua kati ya viambishi viwili kwa mtu yule yule, kiambishi alichokichagua kinaweza kutuambia jambo juu ya jamii yake. Pale ambapo hana uchaguzi, kiambishi hakina ushahidi wa kutoa.

Mfano wetu mkuu ni Kiwendat, lugha ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Tumeichagua lugha hii kwa sababu mbili. Kwanza, viambishi vyake vya nafsi ni vingi, na vimekuwa vikijadiliwa tangu karne ya 17, hivyo ni rahisi kuona jinsi vilivyosomwa vizuri na jinsi vilivyosomwa vibaya. Pili, lugha hii ilikaa miaka mingi bila wasemaji waliorithishwa na wazazi wao. Lugha iliyo katika hali hiyo haina wa kuitetea inaposingiziwa. Kiswahili kikisingiziwa leo, mamilioni watacheka au watakanusha. Kiwendat kiliposingiziwa, maandishi yake yalinyamaza.

2.0 Kiwendat na Waliokiandika

Wawendat, ambao Wafaransa waliwaita Huron, walikuwa shirikisho la makabila ya wakulima wa mahindi walioishi kando ya Ghuba ya Georgian, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya jimbo la Ontario nchini Kanada. Lugha yao ni ya tawi la kaskazini la jamii ya lugha za Kiirokwoi, pamoja na Kimohoki, Kioneida, Kiseneka na nyinginezo. Maradhi yaliyoletwa na Wazungu, na vita vya miaka ya 1649 na 1650, viliwatawanya. Baadhi yao walihamia karibu na mji wa Quebec, ambako vizazi vyao wanaishi hadi leo katika Wendake. Wengine, waliokuja kujulikana kama Wyandot, walielekea magharibi, na baadhi yao wakaishia Kansas na Oklahoma nchini Marekani.

Mtawa Gabriel Sagard alikaa miongoni mwa Wawendat mwaka 1623 na 1624, na kamusi yake ilichapishwa mwaka 1632. Kwa hakika kitabu hicho ni mkusanyiko wa semi na sentensi zilizopangwa chini ya maneno ya Kifaransa. Katika utangulizi wake Sagard aliihesabu lugha hii kuwa karibu haina kanuni. Kauli hiyo haishangazi. Kitenzi kimoja kilimjia kwa sura nyingi, kila sura ikiwa na mtenda wake na mtendwa wake, naye akaziandika sura hizo bila kuvitenga viambishi. Anayeandika maneno mazima tu, kisha akalalamika kwamba hayana kanuni, huwa ameitupa kanuni yenyewe kabla ya kuitafuta.

Wamisionari Wajesuti waliofuata walikuwa waangalifu zaidi. Jean de Brébeuf, aliyeuawa mwaka 1649, aliieleza lugha hii katika taarifa yake ya mwaka 1636. Baada yake ziliandikwa sarufi kwa Kilatini zilizonakiliwa kwa mkono kutoka kizazi hadi kizazi. Mashuhuri miongoni mwazo ni ile ya Pierre Potier ya mwaka 1745, iliyochapishwa mwaka 1920. Sarufi hizo ziliviweka vitenzi katika mikondo mitano kwa kufuata sauti inayoanza shina, kwa kuwa umbo la kiambishi hubadilika kutegemea sauti hiyo. Katika karne ya 20, Marius Barbeau alikusanya masimulizi ya Wyandot huko Oklahoma mwaka 1911 na 1912, na mwaka 1915 akachapisha uchambuzi wa mizizi ya Kiirokwoi kwa kufuata viambishi vya nafsi vinavyoandamana nayo. Kwa hiyo, hata lugha ilipokosa wasemaji, viambishi vyake vilibaki katika maandishi.

3.0 Mfumo kwa Muhtasari

Msomaji aliyezoea Kiswahili anatarajia kila nafsi iwe na nafasi yake katika kitenzi. Katika neno *ninakuona*, *ni-* ni kiambishi cha kiima na *-ku-* ni cha yambwa, na katikati yake pana kiambishi cha njeo. Tunaweza kuvitenganisha, kuvihesabu na kuvibadilisha kimoja kimoja. Katika lugha za Kiirokwoi za kaskazini mambo si hivyo. Nafsi mbili zinazohusika katika tendo huonyeshwa kwa kiambishi kimoja ambacho mara nyingi hakigawanyiki. Katika Kimohoki, kwa mfano, *kon-* humaanisha "mimi kwako". Hakuna sehemu ya *kon-* inayoweza kukatwa ikaitwa "mimi", wala nyingine ikaitwa "wewe".

Kiwendat kinafuata mpango huo huo. Viambishi vyake vya nafsi vipo katika seti tatu: seti ya mtenda, seti ya mtendwa, na seti ya viambishi vinavyowaunganisha mtenda na mtendwa. Kitenzi chenye mshiriki mmoja hakipewi kiambishi cha mtenda moja kwa moja, kama ambavyo Kiswahili hukipa kiambishi cha kiima. Vitenzi vingine huchukua seti ya mtenda, vingine seti ya mtendwa, na hali ya tendo, kama vile kukamilika kwake, inaweza kuibadilisha seti. Hii ndiyo sababu istilahi zetu za *kiima* na *yambwa* hazifai kuhamishiwa huko bila maelezo. Aidha, lugha hii hutofautisha umoja, uwili na wingi, na katika nafsi ya kwanza hutofautisha "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomtenga. Matokeo yake ni idadi kubwa ya viambishi. Katika lugha dada ya Kioneida, iliyofafanuliwa na Floyd Lounsbury katika kitabu chake cha mwaka 1953, huhesabiwa zaidi ya 50.

Katika nafsi ya tatu kuna jinsia. Mwanamume ana kiambishi chake, kwa mfano *ha-* katika umoja na *hati-* katika wingi. Wajesuti wenyewe waliitwa *hatitsihenstatsi*, yaani "wanaoitwa makaa", kutokana na kanzu zao nyeusi, na *hati-* ya mwanzo ndiyo inayotuambia kwamba wanaosemwa ni wanaume wengi. Kundi la watu mchanganyiko huchukua kiambishi cha kiume. Mwanamke anayejulikana huchukua kiambishi ambacho pia ni cha wanyama, na katika umoja ni cha vitu vilevile. Hatimaye kuna kiambishi cha mtu asiyetajwa bayana, "mtu fulani" au "watu".

Sehemu hii ya jinsia ndiyo iliyozaa tafsiri tunazozipinga.

4.0 Sauti H na Adabu ya Wanawake

Brébeuf aligundua kwamba Kiwendat kina mnyambuliko wa kike katika nafsi ya tatu, umoja na wingi, naye akalihesabu jambo hilo kuwa adimu. Mifano aliyoitoa ni sahihi hata kwa vigezo vya leo: *ihaton* "anasema" kwa mwanamume, *iwaton* "anasema" kwa mwanamke, *ihonton* "wanasema" kwa wanaume, *ionton* "wanasema" kwa wanawake. Aliona pia kwamba tofauti kubwa kati ya pande hizo mbili ni sauti *h*, ambayo imejaa upande wa kiume na haipo upande wa kike.

Hadi hapo Brébeuf ni mwanaisimu mahiri. Lakini hakuishia hapo. Aliongeza kwamba huenda sauti hiyo nzito iliondolewa upande wa kike ili wanawake wafahamu kwamba maneno yao na mwenendo wao havipaswi kuwa na ukali, bali upole.

Tafsiri hii inavunjwa na data zake mwenyewe. Kiambishi cha kike katika *iwaton* hakimhusu mwanamke anayesema neno hilo, bali mwanamke anayesemwa. Mwanamke wa Kiwendat anapomsimulia mumewe hutamka *h* sawasawa na mwanamume yeyote, na mwanamume anapomsimulia mkewe huiacha. Sauti hiyo haimfundishi mtu adabu ya kusema, kwa kuwa haikufungwa kwenye kinywa cha jinsia yoyote. Isitoshe, kiambishi hicho hicho kisicho na *h* hutumika kwa dubu na mbwa-mwitu, na hakuna aliyewahi kudai kwamba mbwa-mwitu anaagizwa awe mpole. Kilichotokea ni kwamba mtazamaji alikuja na picha ya mwanamke mwema kutoka kwao, akaona pengo katika jedwali, akaijaza nafasi hiyo kwa picha yake.

5.0 Wanawake na Wanyama

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza. Brébeuf aliona heshima. Mtu mwingine huona dharau. Hoja yenyewe ni nyepesi na inavutia: ikiwa mwanamke na mnyama wanashiriki kiambishi kimoja, basi jamii iliyoiunda lugha hiyo ilimweka mwanamke karibu na mnyama. Hoja ya namna hii inahitaji kujibiwa kwa makini, kwa sababu wanaoumia kwayo ni watu walio hai, yaani Wawendat wa leo, wanawake kwa wanaume.

Jibu la kwanza linatoka katika lugha dada. Katika Kiseneka, mwanamke hakuwekwa pamoja na wanyama, bali pamoja na "mtu fulani". Kama kiambishi kingekuwa kioo cha jamii, tungetarajia hadhi ya mwanamke wa Kiseneka iwe tofauti kabisa na ya mwanamke wa Kiwendat. Lakini jamii zote mbili zilifuata ukoo wa mama. Kwa Wawendat mtoto alikuwa wa ukoo wa mamaye, na cheo kilielekea kwa mtoto wa dada. Kwa Waseneka na ndugu zao wa shirikisho la Haudenosaunee, mama wakuu wa koo ndio waliowateua machifu. Mpangilio wa jamii unakaribiana sana, ilhali mpangilio wa viambishi unatofautiana. Basi wa pili hauwezi kuwa kivuli cha wa kwanza.

Jibu la pili liko nyumbani kwetu. Katika Kiswahili sanifu, mwalimu *anafundisha* na kuku *anataga*. Kiambishi ni kile kile. Je, Waswahili hawawatofautishi walimu na kuku? Hebu twende mbali zaidi. Tunasema *ng'ombe wangu*, kwa upatanisho wa ngeli ya watu, lakini tunasema *baba yangu*, kwa upatanisho ule ule wa *nyumba yangu*. Mgeni mwenye haraka angeweza kuandika tasnifu nzima kuthibitisha kwamba kwa Mswahili ng'ombe ni mtu na baba ni kitu. Sote tunajua kwamba tasnifu hiyo ingekuwa upuuzi, na tunajua kwa sababu sisi ndio wasemaji. Haki hiyo tunayojipa hatuna budi kuwapa wengine, hasa wale ambao lugha yao ilikosa msemaji wa kumwambia mgeni kwamba amekosea.

6.0 Uchaguzi Ndio Kipimo

Je, ina maana kwamba viambishi havisemi lolote juu ya jamii? La hasha. Tuzitazame lugha mbili nyingine za jamii hiyo hiyo. Katika Kioneida na Kimohoki, mwanamke mmoja anaweza kutajwa kwa kiambishi cha "mtu fulani" au kwa kiambishi kinachotumika pia kwa wanyama. Abbott (1984), alipochunguza jinsia mbili za kike za Kioneida, alionyesha kwamba uchaguzi huo hauendi kiholela: unamtegemea anayesema, anayesemwa na uhusiano ulio kati yao. Hapa kweli kiambishi kina habari ya kijamii. Mchunguzi anaweza kuuliza kwa nini msemaji huyu alisema hivi kwa dada yake na vile kwa jirani yake, na akapata jibu linalopimika.

Ndivyo ilivyo katika Kiswahili pia. Aliyesema *mzee yule amekuja* hakusema jambo la ziada juu ya mzee huyo, kwa kuwa *a-* ndicho kiambishi cha kawaida. Lakini aliyesema *kizee kile kimekuja* alikuwa na njia nyingine mbele yake akaiacha, na kila msikilizaji hukisikia alichokikusudia. Dharau haimo katika *ki-* peke yake, wala katika ngeli ya KI-VI kwa jumla. Imo katika kuchagua *ki-* pale ambapo *a-* ilikuwa inangoja. Tukirudi kwa *kipofu* na *kiziwi*, maneno ambayo hujadiliwa mno katika semina zetu, tutaona kwamba umbo la nomino ni la KI-VI ilhali upatanisho wa kawaida ni wa A-WA: *kipofu amekuja*. Mchunguzi anayetaka kudai kwamba maneno hayo yanawadunisha watu hao asitosheke kuitazama *ki-* ya nomino. Na atafute mahali ambapo wasemaji huchagua, aone wanachagua nini, kwa nani, na wakati gani.

Kiwendat kama kilivyo katika maandishi hakikumpa msemaji uchaguzi wa namna hiyo kwa mwanamke anayejulikana. Kwa hiyo, juu ya hadhi yake, kiambishi hicho kimenyamaza, na sisi hatuna budi kunyamaza nacho na kutafuta ushahidi mahali pengine: katika ukoo, katika urithi, katika masimulizi.

Huenda mtu akapinga kwamba jambo lisilo na uchaguzi leo huenda lilikuwa na uchaguzi zamani, na kwamba sarufi ni desturi iliyoganda. Pingamizi hili lina uzito. Chafe (1977) alifuatilia jinsi viambishi vya nafsi ya tatu vilivyobadilika katika lugha hizi, na ni dhahiri kwamba migawanyo ya sasa ina historia. Lakini pingamizi hilo linamwongezea mchunguzi kazi, halimpunguzii. Anayetaka kusoma jamii ya kale katika kiambishi cha leo ana wajibu wa kulinganisha lugha dada na kuthibitisha kwamba uchaguzi ulikuwepo. Jedwali moja la lugha moja halitoshi.

7.0 Lazima ya Kusema

Kuna mahali ambapo viambishi vya Kiwendat viliwabana kweli wageni, napo panafaa kutajwa ili hoja yetu isieleweke vibaya. Katika lugha hii majina mengi ya ujamaa huundwa kwa namna ya kitenzi. "Baba" haliwezi kusimama peke yake. Ni sharti kiambishi kionyeshe ni baba kwa nani. Mwaka 1636 Brébeuf alijikuta hawezi kutafsiri maneno ya ishara ya msalaba kama yalivyo, akawaomba wakubwa wake ruhusa ya kusema, kwa muda, "Baba yetu", "Mwana wake" na "Roho wao". Jambo hilo lilikuwa zito kiimani, kwani mahusiano yote ndani ya Utatu yalipaswa sasa kutamkwa.

Je, hapa kiambishi hakikuitawala fikra? Kwa maoni yetu, hapana. Kilitawala kile ambacho msemaji hana budi kukitaja, jambo ambalo ni tofauti. Roman Jakobson alikwisha kueleza kwamba lugha hutofautiana zaidi katika yale zinayolazimisha yasemwe kuliko katika yale zinayoruhusu. Mwendat hakushindwa kufikiri juu ya ubaba kwa jumla, na Brébeuf hakushindwa kuieleza imani yake. Kila mmoja alilazimika kutaja uhusiano ambao lugha nyingine huuacha bila kutajwa. Lazima hiyo inastahili kuandikwa kwa uangalifu katika sarufi, lakini isigeuzwe kuwa uwezo au udhaifu wa akili ya watu.

8.0 Hitimisho

Mjadala huu si wa kinadharia tu. Tangu mwaka 2007, kupitia mradi wa Yawenda uliowashirikisha Wawendat na Chuo Kikuu cha Laval, watu wa Wendake wamekuwa wakiirudisha lugha yao madarasani kwa kutumia zile kamusi na sarufi za Wajesuti. Megan Lukaniec, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni Mwendat, aliandika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 2018 juu ya mofolojia ya kitenzi cha Kiwendat. Msichana anayejifunza leo kusema "anasema" juu ya mama yake anakipokea kiambishi kilichohifadhiwa na Brébeuf. Anastahili kukipokea kama sehemu ya mfumo wa lugha yake, bila mahubiri ya karne ya 17 juu ya upole wa wanawake, na bila fununu kwamba wahenga wake waliwahesabu wanawake kuwa wanyama.

Kwa wanafunzi wetu, wengi wao wakiwa wanachunguza lugha za mama zao ambazo hazijaandikwa vya kutosha, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, viandikwe viambishi vyote pamoja na mazingira yao, yasiandikwe maneno mazima pekee. Sagard ametuonyesha hasara yake. Pili, istilahi za *kiima*, *yambwa* na *ngeli* zitumike pale tu zinapothibitishwa na data ya lugha inayohusika. Tatu, dai lolote juu ya utamaduni linalotokana na kiambishi litanguliwe na swali moja: msemaji angeweza kusema vinginevyo? Jibu likiwa ndiyo, uchunguzi uendelee. Jibu likiwa hapana, mchunguzi aifunge sura hiyo ya tasnifu yake na kwenda kuwauliza watu wenyewe.